Mvi Zako, Baba

Mpendwa baba,

Shikamoo. Jana tulikuzika kijijini Adu, palepale ulipofukuzwa. Kazungu, mwanao mkubwa, alikodi hema na vipaza sauti, akashika maiki akalia mpaka akashikwa mabega. Eti ulikuwa nguzo ya boma. Nilisimama nyuma na akina mama, nikauma midomo.

Mimi na wewe tunajua. Mtoto wake alipofariki kwa homa, ni yeye aliyesema mbele ya watu kwamba wewe ni mchawi, na ushahidi wake wote ulikuwa kichwa chako cheupe. Ulikuja kwangu Dabaso na mfuko mmoja wa nguo. Hukulia. Uliniuliza tu kama piko, ile rangi nyeusi wanayopaka wanawake kwenye nywele, yafaa pia kwa mzee.

Basi nikawa nakupaka kila mvi zilipochomoza. Unakaa kigodani nyuma ya nyumba, taulo mabegani, nami na mswaki wa zamani. Ulinitania kwamba nikiendelea hivyo utaoa tena. Siku moja ukasema, "Mwanangu, nikifa usinizike na kichwa hiki cha uongo." Nikakujibu ovyo tu, nikakwambia ugeuze shingo.

Na hili nitalisema, maana limenikaa kooni. Nilikuuguza peke yangu, na kila asubuhi swali lako lilikuwa moja: Kazungu amepiga simu? Hakupiga, baba. Nilikudanganya kwamba amepiga ukiwa usingizini, nawe ukatabasamu. Tabasamu lile hukuwahi kunipa mimi. Liliniuma, na bado laniuma.

Ulipougua sikukupaka tena, kwa hiyo mvi zilikuwa zimeota chini ya weusi. Mochari niliomba mkasi, nikaukata weusi wote taratibu, mpaka ukabaki mweupe pe. Kazungu alipofunua jeneza watu wakuage, alirudi nyuma hatua moja, kisha akavua kofia yake akataka kukuvika. Nikamshika mkono.

"Mwache," nikamwambia. "Ndicho kichwa ulichokiogopa. Kiage."

Hakukiaga. Aliangalia viatu vyake mpaka jeneza likafungwa.

Najua wewe ulishamsamehe zamani. Mimi sijaweza, wala usinisubiri. Piko iliyobaki nimeimwaga. Lala, baba, na kichwa chako mwenyewe.

Ni mimi,
binti yako wa Dabaso, ambaye hukumuulizia