Mpunga, Mchele, Wali

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo naanza daftari hili. Naahidi kuandika yote, hata yale yatakayonitia haya.

Tangu saa tatu nachagua mawe kwenye mchele wa kesho. Siku sita Mama hupika bukari, ugali wetu, Jumapili wali. Mchele huu umetoka Kigoma kwa meli, mweupe, mrefu. Naupenda. Napenda wali wote: wa moto, wa jana, uliochanganywa na dagaa tunaowaita ndagala, hata ulioungua. Dada yangu Furaha ananicheka. «Wewe utaolewa na mufuko ya mupunga!» Na aseme.

Lakini hakuna kama ule wa Bibi. Nililelewa naye kijijini karibu na Kongolo, mbali kwa treni, mpaka nilipotimiza miaka minane. Mchele wake ni mfupi, mwekundu kidogo, ukiiva unanukia hadi njiani. Aliupika na sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese. Ukoko alinipa mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimefukuza ndege shambani tangu asubuhi. Niliukwangua kwa kijiko mpaka sufuria ikalia. Sasa ni miaka sita sijauonja.

Jumatano, 8 Oktoba

Mfuko umefika kutoka kwa Bibi! Papa anafanya kazi kwenye reli. Ameushusha mwenyewe kwenye treni na kuuleta begani. Bibi alimpigia kwa simu ya jirani, sauti ikikatika. Papa alisikia haya tu: «Ule mupunga ni wa Riziki. Ye mwenyewe anajua.» Kisha mtandao ukaenda.

Wangu! Nimeingiza mkono mfukoni hadi kwenye kiwiko. Ganda linachoma kidogo. Harufu ni ileile.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumeazima kinu cha Mama Anyesi, jirani yetu. Mama alisema tutwange wote siku moja, maana kuazima kila wiki ni kusumbua watu. Nilitwanga na Furaha kwa zamu mpaka jioni. Viganja vimetoa malengelenge. Sijali.

Jumapili, 12 Oktoba

Wali wa Bibi. Tumeula baada ya misa, sisi wote, na Mama Anyesi na watoto wake. Sahani mbili zimekwenda kwa majirani wa nyuma. Mama hakuwa na sombe, alipika maharage, lakini ladha ilikuwa yenyewe. Tonge la kwanza nilifumba macho. Niliona mkeka wa Bibi, na miguu yake imenyooshwa, na nzi juu ya kifuniko. Nililia kidogo. Furaha aliona, ila leo hakunicheka. Alikuwa anatafuna.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jaribio la jiografia. Kiporo asubuhi. Siku njema.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeahidi kuandika yote.

Bibi amepiga simu, safari hii mtandao mzuri. Akaomba kusema nami.

«Riziki, ule mupunga uliutundika juu ya moshi?»

«Hapana, Bibi. Tulishakula.»

Akacheka sana. «Mulikula mupunga? Na maganda? Muko mbuzi?»

«Tuliutwanga, Bibi. Tulipika.»

Kicheko kikakoma.

«Ile ilikuwa mbegu, mama,» akasema polepole. «Mbegu njo nilikutumia.»

Tangu mwaka jana Papa anamwomba aje kukaa nasi. Anaishi peke yake, magoti yanamuuma. Alikuwa anakataa, hawezi kukaa mahali asipolima. Kumbe Papa alikuwa amempatia kipande cha ardhi karibu na mto Lukuga. Papa alitaka kuniambia jambo likishakuwa hakika. Ndiyo maana Bibi alikubali, akatanguliza mbegu, yote aliyokuwa nayo, akanikabidhi mimi. Hayo yote Papa hakuyasikia siku ile, sauti ilipokatika. Nilipokuwa mdogo nilimsaidia kuitundika juu ya jiko ili wadudu wasiitoboe. Hicho ndicho Bibi alichosema ninakijua. Nilikuwa nakijua kweli.

Kabla ya kukata alisema: «Basi nitakuja kufanya nini huko? Kukaa ku kiti?»

Alhamisi, 16 Oktoba

Najichukia.

Mwaka jana mwalimu alitufundisha: shambani na kwenye ganda ni mpunga, ukitwangwa ni mchele, ukiiva ni wali. Nilipata kumi juu ya kumi. Lakini hapa nyumbani tunasema mupunga kwa vyote, wa sokoni na wa sahanini, na Papa aliposema «mupunga ni wa Riziki» mimi nilisikia sahani. Bibi hachanganyi. Hajasoma, lakini hachanganyi.

Papa hajanigombeza. Amesema tu nimwandikie Bibi mwenyewe. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda kwenye makapi nyuma ya nyumba ya Mama Anyesi. Kuku walikuwa wamenitangulia. Nikawafukuza, nikapepeta kwa ungo. Mchi haupati kila punje. Zipo zilizobaki na ganda. Kisha nikamwaga mchele uliosalia katika ndoo ya Mama, nikatoa humo pia kila punje isiyokoboka. Furaha alisimama mlangoni. «Unatafuta bwana yako?» Halafu akaketi, akachagua na mimi hadi adhuhuri.

Punje tulizopata tumezitia katika kopo dogo la nyanya. Halikujaa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimefunga punje kumi katika kitambaa chenye maji.

Mama alipika wali wa Kigoma. Niliona haya kuula. Niliula.

Alhamisi, 23 Oktoba

Saba zimeota! Vinywele vyeupe, vyembamba kuliko uzi. Nimemwita Mama, Furaha, hata Mama Anyesi. Papa alirudi kutoka kazini, akainama akaangalia kwa muda mrefu. Akasema Jumamosi atanipeleka kuona ardhi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumekwenda, mimi na Papa. Udongo ni mweusi, unakamata kiatu. Maji yapo karibu. Papa alipima kwa hatua zake mahali ambapo mbegu ya kopo moja inaweza kuenea. Si pakubwa. Panatosha mkeka mmoja au miwili. Alichomeka vijiti pembeni.

Treni inaondoka Jumatatu. Mwenzake Papa atabeba barua yangu na kumsomea Bibi. Nimeandika kila kitu, na kuku pia. Nimenakili hapa maneno ya mwisho:

«Bibi, mbegu iliyobaki ni hii ndogo. Kopo nimelitundika juu ya moshi. Nakuomba unijibu kwa treni itakayorudi: utakuja kuipanda wewe?»