Kwikwi ya Sixte Ukumbini Shanwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Mpanda, Jumapili tarehe 18 Mei 2025, mbele ya Koplo Bernadetha.

Jina: Annonciata Pacifique
Umri: Miaka 49
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Shanwe, Mpanda

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimezaliwa na kukulia Katumba, ni Mtanzania, na napiga vayolini katika kikundi cha ala cha kanisa letu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Kiongozi wetu, mwalimu wa kwaya Enoka, amelala mahabusu kwa kosa ambalo halipo, na ala zetu zimefungiwa humu kama vielelezo.

Mnamo tarehe 17 Mei, saa kumi alasiri, tulifanya onyesho katika ukumbi wa Shanwe. Tangazo lilisema nyimbo za disko za zamani zitapigwa laivu na okestra. Watu walitucheka wiki nzima. Jirani yangu aliniuliza vayolini na disko wapi na wapi, nikamwambia njoo ujionee. Alikuja, tena na kiti chake.

Tulianza vizuri. Kufika wimbo wa tatu hakuna aliyekuwa amekaa, hata yule wa kiti. Wimbo wa nne ndio ulioleta kesi. Sisi wa Katumba tuliucheza tukiwa vijana kwenye disko la marehemu Sixte, aliyekuwa na redio kaseti na spika mbili tu. Siku moja redio ilikula kanda. Sixte aliikata pale ilipoliwa, akaiunga kwa selotepu. Tangu hapo wimbo ukifika katikati ulikuwa unakwama, tu, tu, tu, unanyamaza, halafu unarukia mbele. Kanda nyingine haikuwepo, kwa hiyo tukajifunza kucheza hivyohivyo. Ukinyamaza, wote mguu mmoja juu mpaka urudi. Mahali hapo tuliita kwikwi ya Sixte.

Mwaka huu Enoka aliupata wimbo huo mzima kwenye simu. Niliusikiliza, nikaona huo mzima ndio umeharibika. Nikamwambia, "Mwalimu, ukitoa kwikwi mimi sipigi." Tulifanya mazoezi miezi mitatu ili tukwame pamoja na kurudi pamoja. Kukwama pamoja ni kazi kuliko kupiga.

Basi jana tulipofika pale, tukakwama. Ukumbi ulikuwa kimya. Nikatazama mbele, nikaona kina mama wa Katumba, wengine wana wajukuu, wamesimama mguu mmoja juu, wameshikana mabega, wanangoja. Tuliporudi walipiga kelele jina la Sixte mpaka tarumbeta hazikusikika. Nililia huku napiga. Sioni aibu kulisema.

Wimbo ulipoisha, Bwana Shadrack alipanda jukwaani. Huyu ni mpiga disko wa hapa mjini, mwenye maspika ya kukodisha, lakini hakukulia Katumba, kwikwi ya Sixte haijui. Alishika maiki akasema, "Nyie mmedanganywa. Hiyo ni sidii imekwaruzika, hawa wanaigiza tu. Watu kumi na tisa hawawezi kukosea kwa mpigo mmoja." Alipekua nyuma ya jukwaa, akapata chupa ya chai tu. Hata hivyo alipiga simu polisi, akidai tumekula viingilio vya watu kwa udanganyifu. Enoka aliondoka na askari bila ubishi. Alituomba tusigombane na mtu, na mimi sikumwahidi.

Leo saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya maelezo haya, Afande aliniuliza nitathibitishaje kwamba haikuwa sidii. Nikamwambia anitolee kielelezo changu, yaani vayolini, na za wenzangu pia, wako getini. Ala zilitolewa, Enoka naye akatolewa, macho mekundu kwa kukosa usingizi, tukajipanga uani. Bwana Shadrack alikuwepo. Nikamwambia, "Kaka, chagua wewe tuanzie wapi, na kwa mwendo gani."

Akasema mwisho, tena polepole. Tukaanzia mwisho, polepole. Akataka kwikwi iwe mwanzoni, tukaiweka mwanzoni. Akasema iwe mara mbili. Tulipomaliza alijikuna kichwa, akasema, "Aisee, nyie mnajua kukosea." Nimefurahi sana, na ninataka iandikwe kwamba nimefurahi.

Hayo ndiyo niliyoyaona, kuyasikia na kuyapiga mimi mwenyewe. Nimesomewa na nakubali ni sahihi, isipokuwa mahali niliposema kwikwi Afande ameandika "kasoro". Nimemwomba arekebishe.

Sahihi ya shahidi: Annonciata Pacifique

MAELEZO YA ASKARI

Mimi Koplo Bernadetha nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Neno "kasoro" limefutwa. Vielelezo vyote vimejaribiwa uani na vinafanya kazi. Mlalamikaji ameondoa malalamiko yake kwa hiari. Mwalimu Enoka ameachiwa saa tano asubuhi na kukabidhiwa ala zote. Wakati wa majaribio niliamuru kikundi kipunguze sauti ili kisisumbue kazi za ofisi. Amri hiyo niliiondoa mwenyewe baada ya kubaini kwamba ofisini hakuna mtu, wote tuko uani.