Badi na Gari la Mokowe

Nairobi

Mwanaesha, ndugu yangu wa tumbo moja,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla sijakuuliza hali, nikwambie kilichonikalisha kitako kuandika. Juu ya lile gari langu na juu ya mwanao Badi, kuna jambo nimekuficha miaka yote hii. Umemfungia mwanao mlango kwa sababu ya neno ambalo mimi nililiacha lisimame. Isome barua hii mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Sasa nikuulize: goti linakusumbua bado? Bomba la maji limetengenezwa, au mnateka kisimani? Mimi niko kwa binti yangu Salma, ghorofani, na baridi ya huku haina huruma kwa mzee. Nalala nimekaa, maana nikilala chali pumzi hainitoshi. Daktari anasema moyo umechoka. Hakunificha, na nilimshukuru kwa hilo. Salma anajitahidi kunipikia mchuzi kwa nazi ya pakiti. Juzi aliniambia, "Baba kula, nazi ni nazi." Nikamwambia nazi hii haijapata kuuona mnazi. Alicheka, kisha akaenda jikoni, na nilijua analia.

Nilipolazwa mara ya mwisho, Badi alikuja. Ndiyo, Badi wako. Alitoka Kiunga kwa boti, akapanda mabasi mpaka huku, akakaa kando ya kitanda changu, akawa ananitawadhisha kila wakati wa sala. Nikamuuliza, "Mamako ajua kuwa uko huku?"

"Hajui. Mamangu hanipokei simu, mjomba."

"Na lile la gari, umepata kumwambia?"

"Nimwambie nini?" akasema, huku ananifuta miguu. "Mwenye kusema yu hai."

Hakusema kwa ukali. Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile.

Lile gari wewe walikumbuka. Jeusi, silinda nane, turbo mbili. Nililinunua Mombasa, lililotumika, baada ya maisha mazima ya kupimia watu viwanja vyao. Ulipoiona picha yake ulinicheka: "Kaka, kwenu ni Faza, wanunua gari ya namna hii! Utaiegesha wapi, juu ya maji?" Nami nilikasirika kwa kuwa ulisema kweli. Nilikuwa naishi Lamu mjini, penye vichochoro vya punda, na gari likabaki ng'ambo, Mokowe, chini ya banda la makuti nililolijengea. Badi nikampa ufunguo, aliendeshe na kulitunza.

Gari lile, ndugu yangu, halikukalia springi za chuma kama lori. Lilikalia mipira iliyojaa hewa. Upepo wa chumvi ukaila ile mipira ikafanya nyufa, ikawa inavuja polepole, na asubuhi Badi analikuta limeinama pua chini. Wapagazi wa gatini walipata la kusema. "Bwana Mpimaji, gari yako yeo imesujudu kabla ya adhana!" Na mwenzake: "Iache, yalipa kadha ya sala ilizokosa."

Nilicheka nao, lakini mpira mmoja tu bei yake ilikuwa bei ya mashine mpya ya boti. Tukabadilisha wa mbele, wa nyuma ukafuata. Pampu ya kujaza hewa, kwa kuhangaika na mipira inayovuja, nayo ikaungua. Kisha ikaja sauti ya kunguruma chini ya sakafu, beari ya shafti ndefu. Kisha breki: diski na pedi za mbele za gari zito lenye mbio vile, kwa gharama yake ungeoza binti ukapika na pilau. Betri ikafa kwa kukaa. Kila spea ilitoka Mombasa kwa basi, na kila fundi alitaka kwanza kuunganisha kompyuta yake kabla hajagusa bisibisi, na kuunganisha huko kukalipiwa. Marehemu mke wangu aliniuliza mara moja tu, "Gari hii ni yetu au sisi ni wake?"

Niliendelea kulipa kwa sababu nilipenda kuonekana. Nimesoma, nimetembea, na bado nilipenda watu wa miji ya Hindi na Mpeketoni waniamkie wakilitazama gari kwanza, mimi baadaye.

Ugonjwa uliolimaliza ni wa magari ya aina ile yakizeeka. Ndani ya injini, mahali pasipoonekana, mna mabomba ya plastiki ya kupitisha maji ya kupoza. Joto huyakausha, yakapasuka. Maji hupungua na chini huoni tone. Fundi wa Malindi aliniambia ayabadilishe, lakini ili ayafikie ilibidi aivue injini nusu yake, na ufundi ungezidi bei ya mabomba mara nyingi. Nikasema tungoje. Badi akawa anaweka garini dumu la maji maalumu, yale ya rangi. Kila mara ananiambia, "Mjomba, gari yanywa maji," nami namwambia aongeze.

Ramadhani ile gari halikuguswa. Baada ya Idi tukafunga safari ya Mombasa, na kabla ya Garsen mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, injini ikakatika. Likavutwa kwa lori mpaka gereji. Fundi alipolifungua, rejeta ilikuwa imeziba kwa ukoko mweupe, pampu ya maji imeliwa, na kichwa cha injini kimepinda. Akaugusa ule ukoko kwa kidole, akautia ulimini, akatema.

"Hii ni chumvi. Nani ametia maji ya bahari humu?"

Badi akanigeukia. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize kutafuna ili aseme. Nami nikamwambia fundi, "Gari iko mikononi mwa dereva."

Injini nyingine, hata ya mtumba, ingetaka bei ya nyumba. Gari likauzwa vipande vipande. Habari ilifika Faza kabla yangu, na nilipokuja ulituita ukumbini kwako, jamaa wote wapo, kahawa imeandaliwa. Ukamuuliza Badi mbele ya watu, "Ni wewe uliyetia maji ya pwani kwenye gari ya mjombako?"

Akasema, "Mama, muulize mjomba. Yeye ndiye ajuaye."

Wewe mwenyewe wajua tulivyolelewa. Mtoto hamkanushi mjomba wake mbele ya wazee, hata akiwa na haki. Badi alikwenda mpaka pale adabu ilipomruhusu, akasimama, akaniachia mimi yaliyobakia. Nawe ukasikia ujeuri. Ukasimama, ukamwambia: "Wamtupia mjombako maneno? Mbele ya watu?"

Nami nikakitazama kikombe changu, nikasema, "Mwache, Mwanaesha. Ni kijana."

Watu wakanisifu kwa subira. Mzee mmoja akaniombea dua kwa moyo wangu mpana. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kuliko yote: nilimsamehe mbele yenu kwa kosa ambalo si lake, nikaipokea ile sifa, nikanywa kahawa. Ukamwambia asikanyage kwako mpaka aje kunitaka radhi. Hakuja. Angetaka radhi ya nini? Akaenda Kiunga, akajifunza kutengeneza mashine za boti, akaoa huko, akazaa, na wewe hujawapakata wajukuu zako.

Nilimtaka radhi kulekule hospitalini. Alinishika mkono akasema, "Mimi nimekusamehe zamani, mjomba. Ni mamangu ninayemtaka." Basi mpigie. Usimngojee akupigie, na akija usimwambie aombe msamaha. Kama kuna uliobaki wa kuombwa, ni wangu kwako, na ninauomba kwa maandishi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kunihurumia.

Salamu naziweka hapa, maana nikishaandika yanayofuata sitakuwa na nguvu ya kuandika mengine. Nisalimie shemeji yangu, mumeo, umwambie redio yake nimesahau kuirudisha na Salma ataileta. Nisalimie Bi Rukia, jirani aliyemlea Badi kama wake. Mwambie alikuwa na haki siku ile pale ukumbini alipokataa kuninawisha mikono. Nisalimie imamu, na wote waliokuwepo ukumbini, uwasomee sehemu hii ya mwisho wakiwa wamekusanyika vilevile.

Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani, adhuhuri, pale Mokowe. Nilikuwa na mgeni niliyekuwa nimpeleke Hindi kumwonyesha kiwanja, mtu mkubwa, na sikutaka asimame juani. Badi alikuwa msikitini. Nilipowasha gari, taa ya maji ikawaka. Dumu lilikuwa tupu. Dukani walikuwa nayo yale maji ya rangi, lakini ilibidi nitembee, na mgeni alikuwa ameshaanza kutazama saa. Nikachukua ndoo ya mwenye boti, nikateka pale gatini, nikajaza. Chumvi inafanya nini kwa chuma, nilijua. Nikajiambia mashine za boti zetu huinywa bahari kutwa na hazifi, na hii kubwa haitashindwa na ndoo moja, kesho Badi atayamwaga maji yale. Kisha Badi akatoka msikitini, akafungua boneti kama kawaida yake, akakuta pamejaa. Akaniuliza, "Mjomba, maji haya ni ya wapi?" Na mimi, kwa kuwa mgeni alikuwa anasikia, nilimwambia nimeyanunua dukani, naye akaniamini.

Kakako,
Abdalla