Nilimwambia Maji ni ya Kifuani

Kisongo, Arusha

Dada yangu Nyangeta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta unakula, unalala, na watoto wanakwenda shule. Presha ya mama imetulia? Mimi mwili mzima, sina ugonjwa, usingizi tu ndio umenikimbia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia na mimi naanza kusema uongo. Barua anakuletea Mama Neema, yule jirani yetu anayeleta dagaa sokoni huku. Hajui kilichomo.

Mumeo Magesa aliponifuata huku, mimi nilishajiona bingwa. Kazi yangu ya ulinzi unaijua, lakini siku za mapumziko nilikuwa navua, na majirani wakaanza kuniita Mtaalamu. Si kwamba nilianza vizuri. Nilikuja na ndoana za sangara, nikazitupa kwenye vijito vya Olmotonyi vinavyotoka mlimani. Weee! Maji ya kule yanakata mifupa kwa baridi, na ni meupe hata kokoto unazihesabu. Samaki anakuona kabla hujamwona. Nikajifunza kutumia mshipi mwembamba, ndoana ndogo, nyungunyungu mmoja tu, halafu najificha kichakani kama mwizi. Kwenye mabwawa ya ng'ombe hapa Kisongo ni kinyume chake. Maji ni tope tupu, kambale haoni kitu, ananusa, kwa hiyo chambo ni utumbo wa mbuzi ulioanza kuoza. Nguo zangu zilinuka wiki nzima.

Magesa alicheka sana nilipomsimulia. "Shemeji, kumbe huku kila maji yana shule yake!" Akauliza mbona hatuendi Momela, si kuna maziwa? Nikamwambia kule ni hifadhi, na maji yenyewe ni magadi. Basi tukaenda ziwa jingine dogo, mashariki ya mji, lililo ndani ya shimo la volkeno ya zamani.

Mlichosikia ni kwamba Magesa alikuwa peke yake ukingoni, akateleza, mimi nimekwenda kuchimba nyungunyungu. Niliwaambia hivyo wazee mbele ya jeneza. Si kweli, dada.

Mumeo alitaka kukaa ukingoni avue kwa ndoana. Mimi ndiye niliyebeba wavu. Niliona matete nikafurahi, nikajiona nimefika nyumbani. Wewe umekulia Ukerewe, unajua kwamba kwetu penye matete mtu anatembea na wavu mpaka maji ya kifuani, chini ni mchanga. Palikuwa na mama mmoja wa Kimeru anakata majani ya ng'ombe. Akatuita, "Nyie kaka, msiingie hapo, hapana chini." Nikamjibu, "Mama, sisi tumezaliwa ziwani. Wewe angalia migomba yako." Magesa safari hii hakucheka. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia maji ni ya kifuani tu. Na kwa ajili ya baridi nikamvalisha mabuti yangu ya lindo, yale marefu, nikampa wavu aingie nao, mimi nikabaki ukingoni na kamba yake.

Alipiga hatua nne. Matete ya pale yameota kwenye ukingo mwembamba, dada, na yakiisha ardhi nayo imeisha. Unamjua mumeo kwa kuogelea. Lakini mabuti yalijaa maji na wavu ukamzunguka miguu. Aliibuka mara moja akaniita jina. Nikavuta kamba ya wavu kwa nguvu zangu zote nikidhani namwokoa, kumbe nazidi kumkaza. Yule mama ndiye aliyekimbia kuita watu. Walipomtoa, mabuti yalikuwa bado miguuni. Niliyavua mimi, nisije nikaulizwa ni ya nani.

Msibani ulinishika mkono ukasema, "Afadhali alikuwa kwako, mdogo wangu, hakuwa kwa mtu baki." Nilinyamaza. Nakuomba unisamehe ule unyamavu hata kama hili jingine litakushinda.

Sasa umesema mwezi ujao unamleta Nyabise nimsomeshe huku, kwa kuwa mimi ndiye baba aliyebakia. Dada, nampenda huyo mtoto. Kitanda chake nimekwisha kununua. Lakini siwezi kumfungulia mlango akaniita baba huku najua ninachokijua, na wewe hujui. Amua ukiwa unajua. Ukisema asije, sitauliza sababu.

Mama umsalimie, ila usimsomee barua hii, moyo wake hautaweza. Baba mkwe wako mwambie nimeomba ruhusa kazini, nakuja kukaa mbele yake na kusema kwa mdomo wangu. Fundi wetu wa mitumbwi, baba mdogo, naye msalimie. Nyabise usimpe salamu zangu kwanza. Mwambie ni nani aliyemwingiza baba yake majini, kisha muulize kama anazitaka.

Ni mimi mdogo wako,
Masatu