Dakika Tano

Nilufa, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Moktar amekufa. Yule kuli wa bandarini aliyemaliza sahani tatu za biriani harusini kwako. Leo asubuhi kashuka ndani ya tumbo la meli ya magogo. Magogo yakifungiwa hula hewa, na yalishaimaliza yote mle, akaanguka chini ya ngazi.

Mdogo wake Tofazzal alikuwa juu, mlangoni. Anamwona. Na hakushuka!! Hakushuka kwa sababu MIMI ndiye niliyemfundisha kwenye darasa la usalama: "Mwenzako akianguka usimfuate, mtakufa wawili. Piga king'ora, waokoaji wenye mitungi ya hewa watafika ndani ya dakika tano."

Dakika tano, Nilufa! Nilizisoma kitabuni, nikawakaririsha.

Waokoaji wamepunguzwa kazini, wamebaki wanne bandari nzima, na walikuwa gati la mbali. Wamefika baada ya dakika thelathini na nane.

Nimetoka msibani kwao Patiya sasa hivi. Mama yao hakuitikia salamu yangu. Tofazzal ndiye aliyenipa kiti, akaniambia taratibu, "Mwalimu, sikushuka. Nilikuwa nahesabu."

Alikuwa anahesabu!

Kesho nina darasa jipya, watu thelathini. Niwaambie dakika ngapi?