Shamba Lililokuwa Uwanja wa Ndege

Mjukuu wangu Asha,

Amahoro na amani huko uliko masomoni. Sisi hapa Gatete ni wazima. Mama yako amemaliza kukamua mawese, na dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini shamba letu la mihogo limenyooka kama barabara. Baada ya uhuru lilikuwa uwanja wa ndege wa mzungu mmoja mwenye michikichi. Mimi na rafiki yangu Yakobo ndio tuliokuwa tukifyeka nyasi zake.

Mwaka wa sabini na mbili, mambo yalipoharibika na watu wakaanza kuuawa, mzungu alikimbia na ndege yake ndogo. Nafasi ilibaki moja, akampa mke wa Yakobo, aliyekuwa mjamzito na mgonjwa. Alisema, "Nitamrudisha hapahapa."

Yakobo akaendelea kufyeka peke yake. Mimi nikaanza kulima mihogo palepale uwanjani.

"Ndugu yangu, niachie nyasi," aliniomba. "Ndege itatua wapi?"

"Haiji tena," nikamjibu. "Watoto wanataka kula."

Mihogo ilipofika magotini, ndege ilikuja. Ilizunguka mara mbili juu yetu, Yakobo akiikimbilia na kupunga shati, kisha ikageuka kuelekea ziwani. Hatukujua nani alikuwa ndani.

Hakunigombeza. Siku ya tatu alipanda mtumbwi kwenda kumtafuta mkewe ng'ambo ya ziwa, na sijamwona tena.

Watoto walikula, ndiyo, akiwemo baba yako. Lakini ardhi nyingine ilikuwepo, mjukuu wangu. Niliichagua ile kwa sababu haikuwa na visiki.

Babu yako,
Ramadhani