Nyimbo Thelathini na Sita

Jumatatu, 17/5
Nepi zimeanikwa, Neema amelala, nimefungua mashine tena. Wimbo wa kumi na tisa. Shemeji Pascal, fundi wa telefone pale Birere, hapa Goma, ndiye alinipatia kompyuta hii. Ilikuwa imekufa. Akaitia sistemu mupya: unawasha, unakuta intaneti tu, hakuna kingine. Unachoandika kinapanda kukaa huko kwenye intaneti. Mimi niliishia sixième primaire, darasa la sita tu, lakini mashine inanitii! Kwa vidole viwili naandika nyimbo zote thelathini na sita za kwaya yetu. Zimo katika kaye moja tu, daftari la Papa Ezekieli, kiongozi wetu, kurasa zinaanguka. Zingine alizitunga akiwa mukimbizi kambini Kanyaruchinya, wakati wa vita. Nataka Pentekote kila muimbaji apate karatasi yake.

Jumatano, 19/5
Papa Ezekieli alikuja kuangalia. Akageuza mashine huku na huku. "Mama Neema, nyimbo zangu zinakaa wapi humu?" Nikamwambia ziko juu. "Juu wapi? Mbinguni tutafika tu, ziache kwanza hapa chini!" Nilicheka mpaka mutoto akaamuka.

Ijumaa, 21/5
Nimemaliza! Zote! Nimecheza na Neema mugongoni, sufuria karibu iungue. Mashine inaandika hata bila intaneti, halafu inapeleka ukiwasha. Basi tangu jana nimezima données, ile intaneti ya telefone ambayo mashine inatumia, kama tunavyofanya sisi wote hapa, mega tulizolipia zisiishe bure. Nitawasha kesho.

Jumapili, 23/5
Volkano ilitoka jana jioni. Tuko Sake, mume wangu, Neema na mimi. Kwa miguu. Miguu imevimba.
Jana muchana nilikuwa nimepeleka mashine na kaye kwa Papa Ezekieli, Buhene, asahihishe. Moto umefunika Buhene. Yeye na mama, mke wake, wako wazima, tumewakuta hapa, Mungu asifiwe. Nyumba yao hapana. Kaye hapana. Mashine hapana. Sikukumbuka kuwasha données. Mimi ndiye niliweka vyote mahali pamoja. Mujinga mimi. Nimelia.

Jumatatu, 24/5
Pascal naye yuko hapa. Akanipa telefone yake: andika jina lako na neno lako la siri. Sikuamini. Nyimbo zikatokea! Zangu, na makosa yangu yote! Nilipiga kelele, watu wakasimama, wakafikiri volkano imerudi.
Halafu nikahesabu. Ishirini na saba. Zile tisa za mwisho, nilizoandika données zimezimwa, hazikupanda. Tisa nzima, kwa ajili ya mega. Sijui nitamwambia nini muzee.

Jumatano, 26/5
Nimemwambia. Nilitazama chini. Akasema, "Ishirini na saba zimekimbia moto bila miguu, na wewe unalia?"
Akaita waimbaji. Tuko kumi na mmoja hapa kwenye uwanja wa kanisa. Wanaimba zile tisa, mimi naandika kwa telefone ya Pascal. Kila ubeti ni vita. Mama Furaha wa soprano anasema hivi, wa alto wanakataa, mumoja wao akamwambia: "Wewe miaka yote ulikuwa unafungua mudomo tu!" Akina mama walianguka kwa kicheko. Na sisi wote hatuna hata sahani.
Nane zimerudi. Wa tisa unakosa ubeti wa tatu. Hakuna anayeujua. Hata muzee mwenyewe aliyeutunga.

Jumatano, 9/6
Tumerudi nyumbani, Majengo. Ardhi imetulia. Papa Ezekieli na mama wanakaa kwetu kwa sasa, nyumba imejaa, ninapenda.
Asubuhi hii ameniambia haukumbuki tena ubeti ule, atatunga mwingine. Ameketi mulangoni, akaimba polepole, mustari mumoja mumoja. Mimi naandika kwa telefone, données nimewasha, Neema ananyonya. Mistari minne. Nikamusomea. Akasema rudia mustari wa mwisho. Nikarudia. Akasema basi, ni huo.
Nimeweka maji ya chai.